Treni Isiyoombewa Njia

Ukimwamkia shikamoo alikuitikia marahaba huku macho yake yako kwenye saa. Haikuwa dharau, ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mkuu wa stesheni ya Kidete miaka yote niliyofundisha shule ya msingi pale, na sote tulimwita Masta, basi, kana kwamba dunia nzima haina masta mwingine. Alizaliwa lini na ukoo wake upi, hayo waulizeni watu wa milimani kwao. Mimi nilimjua kuanzia kofia kwenda chini.

Kofia yenyewe ilikuwa nyeusi, ukingo umebanduka, na kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani aliipaka rangi ya viatu. Mvua ikianza kunyesha aliivua na kuifutika ndani ya koti, kichwa kikabaki wazi kinalowa. Nilimcheka siku moja.

"Kichwa kitakauka, Mwalimu," akaniambia. "Kofia ya serikali wakikunyima nyingine utafanyaje?"

Miaka ile ya foleni za sukari alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Hata chaki tulikuwa tunazikata vipande vitatu.

Nyumba yangu ilitazamana na stesheni. Katikati palikuwa na reli na bustani ya mihogo ya mkewe, tuliyemwita Mama Stesheni, mwanamke mnene, mcheshi, asiyeogopa chochote isipokuwa kuchelewesha chakula cha mumewe. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba siku ya harusi yao bwana harusi alifika kanisani saa nzima kabla ya wakati, na kasisi alipotokea akagombezwa kwa kuchelewa. "Nikajua nimeolewa na saa ya ukutani," alisema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Sasa mtu huyo Mungu alimweka kwenye reli ambayo treni ya asubuhi ilifika jioni, na mto Mkondoa ukifurika haikufika kabisa! Niliwahi kumwona amesimama jukwaani na bendera yake ya kijani, amenyooka, anaisubiri treni iliyokwisha chelewa kwa saa tisa. Nikamwambia akae. Akasema akikaa, dereva ataona kwamba kuchelewa ni jambo la kawaida.

Kazi yake ukiitazama ilikuwa ndogo. Reli ni moja na treni zinatoka pande mbili, kwa hiyo treni haiondoki stesheni hii kabla ya mkuu wake kuipigia simu stesheni ya mbele na kuomba njia. Masta akiombwa njia alitoka nje, akaitazama reli huku na huku, utadhani treni inaweza kujificha kwenye nyasi, ndipo akarudi kwenye simu kusema, "Njia iko wazi." Halafu akaandika kwenye kitabu cha treni: namba ya treni, saa iliyoombewa njia, saa iliyofika, saa iliyopita.

Kitabu kile alikiheshimu kuliko alivyotuheshimu sisi wote. Usiku mmoja alisinzia, na asubuhi nikakuta ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Nilisinzia dakika nne." Nani alimwona? Hakuna. Nani angejua? Hakuna. Mara nyingine aliizuia treni ya abiria dakika ishirini na tano kwa sababu mama mmoja alikuwa anajifungua ndani ya behewa, na huko makao makuu wakamwandikia barua ya kumwonya. Angeweza kusingizia ng'ombe kwenye reli, kila mtu alisingizia ng'ombe. Yeye aliandika, "Mtoto, wa kike, salama." Barua ya onyo akaitundika ukutani kama cheti.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, mgumu wa kuomba radhi, na karanga zake alizihesabu kabla ya kukukaribisha. Alikosana na katibu wa tawi la chama bure kabisa. Katibu alikuwa na mazoea ya kukatiza reli kwenda ofisini kwake, na siku moja Masta akamsimamisha kwa bendera nyekundu mbele za watu.

"Chama kinashika hatamu," Katibu akasema, amekasirika.

"Na kishike," Masta akamjibu. "Reli nimeshika mimi. Pitia kule kwenye kivuko."

Watu tulicheka siku mbili. Katibu hakucheka, wala hakusahau.

Habari ya setilaiti ililetwa na bwana wa hali ya hewa aliyekuja kukagua kipimo cha mvua cha pale stesheni. Treni yake ya kurudi ilichelewa, wakakaa jukwaani na Masta, na giza lilipoingia kitu kama nyota kikapita juu yao kimya kimya, kutoka kusini kwenda kaskazini. Yule bwana akaeleza kwamba ni setilaiti ya kupiga picha mawingu, inaizunguka dunia kwa kupitia ncha zake mbili, na wenyewe wameipanga ili kila mahali ipite saa ileile ya jua, siku zote, mwaka mzima.

Masta hakulala. Chombo kisichochelewa, mwaka mzima! Kesho yake akatoka nje na saa ya stesheni mkononi, mkewe nyuma yake anashangaa. Wakati ulipofika hakuna kitu. Kumbe ilikwisha pita dakika ishirini na nne kabla, wakati anakunywa uji. Siku iliyofuata ikawahi tena. Siku ya nne, ya tano, ikarudi ghafla kuchelewa. Alinijia asubuhi hata sijafunga khanga vizuri.

"Mwalimu, huyu ni dereva gani?"

Alikuwa ameudhika kweli, kama mtu aliyetukanwa. Kwa kuwa nilifundisha hesabu darasa la saba, nikachukua zile saa zake, na kwa wiki tatu tukawa tunazipanga ubaoni wanafunzi wakishaondoka. Nataka niseme ukweli: sijawahi kufurahia hesabu kama wiki zile. Mwisho nikaona. Siku inayowahi inapita mbali, upande wa pwani. Siku inayochelewa inapita upande wa Tabora. Siku inapopita juu yetu kabisa ni saa mbili na dakika chache, haikosi.

"Haichelewi, Masta," nikamwambia. "Inabadilisha njia. Huko pwani jua linatutangulia, Tabora linachelewa. Popote inapopita, walio chini yake kwa jua lao ni saa ileile."

"Kila stesheni?"

"Kila stesheni."

"Dunia nzima?"

Akaivua kofia, akaishika mbele ya kifua. Nilidhani atasali.

Tangu hapo ikawa kazi. Kwa simu ya reli akamshawishi mwenzake wa Mikumi, kwenye tawi la reli la kwenda Kidatu, na mwingine wa Kilosa, watoke nje wakati ule na kupiga kelele "Sasa!" ikiwafikia utosini. Mikumi waliiona kwanza, kisha Kilosa, kisha sisi. Kutoka Mikumi mpaka Kidete alihesabu sekunde kama kumi na mbili. Safari hiyo kwa treni, ukibadilishia Kilosa, ilikuwa siku nzima na ukibahatika. Mama Stesheni akawa analalamika kwamba ameletewa mke mwenza na hata hawezi kumfikia amng'oe nywele.

Tatizo lilikuwa karatasi. Hazikuwepo, jamani, watoto walijifunzia kuandika kwenye mchanga. Kwa hiyo Masta akawa anaiandika setilaiti kwenye kurasa za nyuma za kitabu cha treni, na kwa mazoea ya mkono aliipa namba, Treni Sifuri, na safu zilezile. Kwenye safu ya saa iliyoombewa njia aliweka kistari. "Hii haiombi njia kwa mtu," aliniambia, nami nikaona anaihusudu.

Mvua za mwanzo wa mwaka mmoja zikabomoa tuta la reli upande wa Kilosa. Siku tatu Masta hakuvua viatu. Reli ilipofunguliwa, treni za mizigo zilizokwama zikaja zikifuatana, na katikati ya vurugu ile ikafika jioni ya setilaiti kupita juu yetu. Mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo. Jioni hiyo tawi lilikuwa na mkutano, na mimi nilikuwa nimechoka na mikutano, nikatuma salamu kwa Katibu kwamba nina homa. Kisha nikajifunika khanga, nikavuka reli, nikaenda kukaa jukwaani na Masta. Tulikula karanga. Setilaiti ikapita saa mbili na dakika nne, nikaiona kwa macho yangu haya, nikasema, "Hiyo, hiyo!" Masta akaingia ndani kuandika. Kwa uchovu aliandika ukurasa wa mbele, kati ya treni ya mizigo na treni ya abiria.

Wiki mbili baadaye akashuka Inspekta wa reli kukagua vitabu. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, na upole wake ndio ulionitisha. Alikuta treni iliyopita Kidete saa mbili na dakika nne bila kuombewa njia na stesheni yoyote. Kwa watu wa reli, hilo ni kama daktari kukuta maiti anayepumua.

Mama Stesheni alinisimulia yote, maana alikuwa anasikiliza dirishani.

"Kata mstari," Inspekta akamwambia mumewe. "Andika umekosea, uweke sahihi, nami niende zangu."

"Nimekosea ukurasa. Kupita, ilipita."

"Hiyo si treni, mzee!"

"Basi nitalikata neno treni. Saa sitaikata."

Inspekta alivua miwani akaifuta. Akasema mkuu wa stesheni anayeandika treni isiyokuwepo, kesho ataacha kuandika iliyopo, na watu watakufa. Hata mimi naona alisema kweli. Jioni ile akakubali kutoka nje kuitazama hiyo setilaiti, mawingu yakawa mazito kama blanketi. Kesho yake vilevile. Wale wenzake wa simu, Kilosa na Mikumi, walipoulizwa wakasema hawajui setilaiti wala samaki, kwa sababu kuchezea simu ya reli ni kosa. Mke hahesabiwi shahidi. Ndipo Inspekta akasema neno la mwisho: apewe mtu mzima mmoja, mwajiriwa wa serikali, aliyeiona jioni ile, naye ataandika kwamba Masta alichanganya kurasa tu. Asipopatikana, ataandika kwamba akili ya mzee imeanza kuyumba na hafai kushika stesheni.

"Yupo," Masta akasema. "Mwalimu alikuwepo."

Nikaitwa. Mama Stesheni alinikimbilia njiani, akanieleza haya yote akihema, akanishika mkono. "Neno moja tu, mwanangu." Kwa hiyo niliingia ofisini nikijua. Msije mkanitetea kwamba sikujua.

Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa Katibu wa tawi, ameitwa kama kiongozi wa kijiji. Amevuka miguu, ananitazama.

"Mwalimu," Inspekta akaniuliza, "jioni ile ya tarehe hii, saa mbili, ulikuwa hapa stesheni?"

Nilimtazama Katibu. Miezi ile walimu wawili wa kata ya jirani walikuwa wamehamishwa kwa kudharau chama, mmoja ameacha mtoto anayenyonya kwa bibi yake. Niliona sanduku langu juu ya lori. Niliona na Masta, amesimama karibu na simu, kofia kichwani, ametulia kabisa, kwa kuwa hakuwa na shaka yoyote na mimi.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa na homa. Nilikuwa nimelala."

Masta alinitazama, akamtazama Katibu, akarudisha macho kwangu, na nikaona ameelewa. Akamgeukia Inspekta.

"Ni kweli," akasema. "Mwalimu alikuwa mgonjwa. Nimechanganya jioni."

Mtu ambaye hakuwahi kuchanganya dakika! Inspekta akaandika, kalamu ikakwaruza muda mrefu. Mimi nikaambiwa naweza kwenda, nikaenda.

Mwezi haukuisha, barua ikaja. Masta kavuliwa ukuu wa stesheni na kupelekwa Mikumi kuwa mlinzi wa lango, pale reli inapokata barabara kuu. Mama Stesheni aling'oa mihogo yake kabla haijakomaa kwa sababu mkuu mpya alikuwa na mbuzi. Siku ya kuondoka akaniletea kikapu kizima.

"Kula, Mwalimu," akaniambia. "Homa imekukondesha."

Mpaka leo sijui kama alinisema au alinihurumia. Masta mwenyewe mwezi mzima ule alinisalimia kama kawaida, akatazama saa yake kama kawaida, na setilaiti hakuitaja tena mbele yangu. Ningependa angenitukana.

Nilikaa Kidete miaka mingine minane. Jioni nyingine nilitoka nje nikaiona inapita, nikarudi ndani haraka. Katibu alihamishwa, akaja mwingine, na hakuna aliyewahi kuniuliza tena habari za homa. Nilipata ualimu mkuu. Watu walinisifu kwa kusema ukweli, na kila waliponisifu nilisikia haya mpaka masikioni.

Kisha tukaitwa walimu wakuu kwenye semina Mikumi. Siku ya mwisho, alasiri, nilifuata barabara kuu kwa miguu mpaka kwenye reli. Nilimkuta nje ya kibanda cha mabati, amekaa kwenye kigoda, nywele nyeupe pe. Mkewe alikuwa Kilosa kwa binti yao aliyejifungua.

"Shikamoo, Masta."

"Marahaba, Mwalimu," akajibu, akatazama saa. Sauti alikuwa ameijua bila kuinua kichwa.

Alinipa kigoda, yeye akakaa juu ya dumu. Akaniuliza habari za shule, za mto, za mkuu mpya na mbuzi wake. Treni ya kwenda Kidatu ilikuwa inakaribia, akainuka akafunga lango, na malori ya barabara kuu yakaanza kusimama. Nilijua nisiposema wakati ule nitarudi Kidete nalo.

"Masta, sikuwa na homa."

"Najua," akasema. "Mgonjwa wa homa hali karanga za watu saa nzima kwenye baridi."

Nikaanza kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka, yakanitoka hovyo hovyo na machozi, nikamtaja Katibu, nikawataja walimu waliohamishwa, nikajitaja mwenyewe vibaya. Alinisikiliza huku anaisikiliza treni. Ilipopita akaipungia bendera, akaandika saa, kisha akaingia kibandani na kutoka na daftari lililoshonwa kwa karatasi za mifuko ya saruji.

Ilikuwa ni setilaiti, miaka yote. Alikuwa ameinakili tangu jioni ya kwanza ya Kidete, na alipoondoka hakuacha. Alifungua ukurasa mmoja bila kuutafuta, akaweka kidole.

"Jioni ile upepo ulizima taa yangu," akasema. "Niliinama kuiwasha. Niliinuka wewe unasema 'hiyo, hiyo', nikaiona imeshavuka. Saa niliipata. Lakini Kilimia ilikuwa juu pale, zile nyota zilizosongamana, na sikuona imepita upande gani wake. Safu hii iko wazi."

Nilitazama. Ukurasa wote ulikuwa umejaa mwandiko wake mdogo, na hapo palikuwa na nafasi nyeupe.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema. "Mlikaa mwezi mzima kabla ya kuhama. Nilikuwa hapo hapo ng'ambo ya reli."

"Ningekuuliza vipi, Mwalimu, nawe ulikuwa na homa?"

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa ananieleza tu, kama anavyoeleza utaratibu wa kuomba njia. Nilikuwa nimesema nilikuwa nimelala, na yeye alilichukua neno langu na kulitunza, miaka minane, na safu yake ikabaki tupu.

Malori yalikuwa yameanza kupiga honi.

"Ilipita kushoto," nikamwambia. "Kushoto kwa Kilimia, karibu sana. Nilidhani itazigusa."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Masta. Niliiona."

Akaandika polepole. Halafu akaligeuza daftari upande wangu, akanipa kalamu, akanionyesha ukingoni mahali pa shahidi. Niliandika jina langu lote, kisha kazi yangu, mwajiriwa wa serikali, kisha jina la shule. Karatasi ile ya saruji haikubali wino upesi, ikanibidi nirudie kila herufi. Foleni ilikuwa imefika mbali, madereva wanatukana, mmoja ameshuka anakuja na rungu la kugongea matairi. Masta hakuinuka kufungua lango mpaka nilipomaliza kuandika.